Kulazwa, kliniki ya kutwa, dawa mbadala au amri ya mahakama: namna ya kuchagua mpango wa serikali wa tiba ya uraibu

Familia nyingi hufika kwenye huduma za serikali za tiba ya uraibu zikiwa zimechoka, na mtu aliyechoka huvutiwa na kinachoonekana kikali zaidi. Ndiyo maana swali linalotangulia mapokezini huwa "mnamlaza kwa muda gani?", ilhali swali ambalo daktari anahitaji lijibiwe kwanza ni lingine: anatumia kitu gani, na mara ya mwisho alitumia lini? Makala haya yanalinganisha aina nne za mipango ya tiba ambayo serikali nyingi huendesha au hugharimia, kisha yanagusa mipango ya kinga, kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kusikia majina yote hayo na bado hajui ndugu yake ampeleke wapi. Si kila nchi ina mipango yote minne, na hata ndani ya nchi moja huduma iliyopo katika mji mkuu inaweza isipatikane wilayani, lakini vigezo vya kuipima havibadiliki.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni usalama wa siku za mwanzo. Kuacha pombe ghafla na kuacha heroini ghafla ni mambo mawili tofauti, ingawa mateso ya kuacha yote huitwa arosto. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu huanza kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na kupandwa na homa na mapigo ya moyo kwa kiwango ambacho kisipotibiwa huua. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi za jamii ya benzodiazepini nazo zina hatari hiyohiyo zikikatishwa ghafla. Heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, kwa kawaida, hutesa kuliko zinavyoua wakati wa kuacha: viungo huuma, tumbo huharisha, pua na macho hutiririka, kilele kikiwa siku ya pili au ya tatu, na nafuu huanza kuonekana kabla ya wiki mbili kwisha.

Kigezo cha pili ni muda na mahudhurio, maana mpango mzuri ambao mgonjwa hawezi kuuhudhuria haumsaidii.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, nacho ni kile kinachofuata baada ya mpango kwisha. Uraibu ni ugonjwa sugu unaoweza kurudi, kama vile shinikizo la damu hurudi mtu anapoacha dawa. Kwa watumiaji wa afyuni kurudi huko kuna mtego wake: mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, hivyo dozi ambayo mtu aliizoea zamani inaweza kumsimamisha pumzi. Wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini au gerezani ni miongoni mwa wakati wa hatari kubwa zaidi katika maisha ya mraibu, na familia nyingi wakati huo ndiyo kwanza zinapumua zikidhani kazi imekwisha. Mpango usioweza kujibu swali la "siku ya kutoka anakabidhiwa kwa nani?" una pengo, hata kama wodi yake inang'aa.

Kigezo cha nne ni nani hasa anafaidika: kilevi anachotumia, hali ya nyumbani kwake, na ridhaa yake mwenyewe. Gharama sikuiweka katika orodha kwa kuwa hutofautiana mno. Inatosha kuuliza mapema kama vipimo, dawa na chakula vimo ndani ya huduma au vinalipiwa pembeni.

Mpango wa kwanza: kulazwa

Chini ya jina hili huchanganywa huduma mbili. Moja ni wodi ya hospitali ya kuondoa sumu mwilini, ambako mtu hukaa siku chache hadi wiki mbili hivi chini ya daktari. Nyingine ni kituo cha makazi au nyumba ya upataji nafuu, ambako hukaa miezi kadhaa akipata ushauri nasaha, kazi za mikono na ratiba ya kumrudishia mazoea ya maisha. Ya kwanza hutibu mwili katika hatari. Ya pili hufundisha kuishi bila kilevi. Anayempeleka mnywaji wa miaka mingi moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na daktari anaruka hatua ambayo ingeweza kuokoa uhai.

Siku za mwanzo. Kwa pombe na benzodiazepini, wodi haina mshindani. Kila baada ya saa chache muuguzi humwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kutanua vidole, akitazama mtetemeko. Humgusa kiganja kuona jasho. Humuuliza leo ni siku gani na yuko wapi. Majibu hupewa alama, na alama hizo ndizo zinazoamua dozi ya dawa ya kutuliza itakayotolewa. Hupewa pia vitamini B1, mara nyingi kwa sindano, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu akiikosa anaweza kupata madhara ya kudumu ya ubongo. Mambo haya hayafanyiki nyumbani kwa maji ya ndimu na maombi, hata maombi yakiwa ya dhati.

Muda na mahudhurio. Anayelazwa huacha kazi, masomo na watoto kwa kipindi chote, na jambo hilo huwaelemea wanawake zaidi, kwa kuwa vituo vinavyopokea mama pamoja na mtoto ni vichache. Wengine huona kuondoka mtaani ndiyo faida yenyewe: simu imezimwa, muuzaji hajui mteja aliko, na akili inapata nafasi ya kutulia.

Baada ya hapo. Hapa ndipo udhaifu wa kulazwa unapojitokeza. Kuondoa sumu peke yake hakutibu uraibu, na kwa mtumiaji wa heroini kunaweza hata kumwongezea hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi akirudia, kwa sababu ile ya ustahimilivu uliopotea. Ulizeni kabla ya kumwingiza: je, anatoka na tarehe ya kliniki mkononi? Je, kituo cha makazi kinampokea mtu anayetumia methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, au kinamlazimisha aiache kwanza? Vipo vituo vinavyoikataa kwa imani kwamba safi ni safi, na imani hiyo imewagharimu watu maisha.

Inamfaa nani. Mnywaji mwenye historia ya kuanguka kifafa au kuchanganyikiwa alipojaribu kuacha; anayetumia vilevi viwili au zaidi kwa pamoja; mwenye ugonjwa wa akili uliopamba moto au mawazo ya kujiua; na yule ambaye nyumba anayolala ndiyo nyumba anamonunulia.

Mpango wa pili: kliniki ya kutwa

Siku za mwanzo. Si kila mnywaji anahitaji kitanda. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la maswali 10 linalotumiwa katika vituo vya afya vya nchi nyingi. Alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wenye hatari, na alama 20 na kuendelea huashiria kwamba huenda kuna utegemezi unaohitaji uchunguzi wa kina. Wengi wa walio kati ya alama hizo mbili husaidiwa na mazungumzo mafupi na mtaalamu. Hata mwenye utegemezi wa wastani anaweza kuacha akiwa nyumbani, mradi hajawahi kuanguka kifafa, yupo mtu mzima asiyekunywa wa kukaa naye, na muuguzi humwona kila siku katika siku za mwanzo. Sharti moja likikosekana, arudishwe kwenye mpango wa kwanza.

Muda na mahudhurio. Mtu huendelea na kazi yake na kufika kliniki mara kadhaa kwa wiki mwanzoni, kisha mara moja, na kuendelea hivyo kwa miezi. Kuna utafiti wa zamani wa London ambao bado unawakera wapenzi wa tiba ndefu. Mwaka 1977 daktari wa magonjwa ya akili Griffith Edwards na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 100 wenye ndoa na tatizo la pombe: nusu walipata tiba kamili, nusu walipata tathmini na kikao kimoja cha ushauri, na baada ya mwaka mmoja hali za makundi hayo mawili zilikuwa zinakaribiana. Haimaanishi kwamba tiba haina kazi. Wanaume wale walikuwa na ndoa na makazi, nayo si mambo madogo. Inamaanisha kwamba wingi wa vikao si kipimo cha ubora. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, nao ulikuta aina tatu tofauti za ushauri nasaha kwa wanywaji zikizaa matokeo yasiyopishana sana. Kwa hiyo usihangaike mno na jina la mbinu. Hangaika kujua kama mnasihi anamfuatilia mgonjwa asiyefika.

Kliniki nzuri ina dawa pia. Kwa pombe zipo naltreksoni, inayopunguza hamu na raha ya kunywa. Akamprosati, inayomsaidia aliyekwisha kuacha asirudie, ingawa haimfai mwenye figo mbovu. Na disulfiramu, inayomfanya anayekunywa juu yake apate uwekundu usoni, kichefuchefu na mapigo ya kasi. Hii ya mwisho hutolewa kwa mtu anayejua anachokimeza na aliyekubali. Ndugu anayeitia kwa siri kwenye chai ya mnywaji anaweza kumuua. Kwa kokeini na methamfetamini bado hakuna dawa inayolingana na methadoni kwa heroini. Kilichothibitika zaidi ni utaratibu wa kumpa mtu zawadi ndogo kila kipimo chake cha mkojo kinapotoka safi. Watu wengi huucheka wanapousikia mara ya kwanza, nami sishangai, lakini unafanya kazi kuliko mahubiri.

Baada ya hapo. Kliniki haina siku ya kutoka yenye kishindo, na hiyo ni nguvu yake: huduma hufifia polepole badala ya kukatika. Udhaifu wake ni kwamba kuacha kufika ni rahisi mno, na hakuna mlango unaomzuia mtu.

Inamfaa nani. Mwenye kazi, mwenye nyumba tulivu, mwenye unywaji wa wastani au matumizi ya vichangamshi kama kokeini, na mwenye utayari wake mwenyewe.

Mpango wa tatu: dawa mbadala

Huu ni mpango wa watumiaji wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, zikiwemo za maumivu kama tramadoli na kodeini utegemezi wake unapokuwa mkubwa. Haumtibu mraibu wa pombe, bangi wala kokeini.

Kwanza pingamizi, kwa sababu wazazi wengi hugoma hapa: "Mnamtoa kwenye ulevi mmoja mnamwingiza kwenye mwingine." Ni kweli kwamba methadoni na buprenofini, dawa mbili zinazotolewa katika mpango huu, ni za jamii ileile ya afyuni, na utegemezi wa mwili unabaki. Tofauti iko katika mwendo wa dawa. Heroini hudumu saa chache, humpandisha mtu na kumwangusha, hivyo siku yake yote humezwa na kutafuta pesa, kununua, kujidunga na kuikimbia arosto. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hupanda taratibu na kudumu hadi kesho yake, kwa hiyo aliyefikia dozi yake halewi wala haumwi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha hilo mjini New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa zote mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ufaransa iliporuhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini katikati ya miaka ya 1990, vifo vya kuzidisha dozi vilishuka sana ndani ya miaka michache. Barani Afrika, Mauritius ilianza kutoa methadoni mwaka 2006, na Tanzania ikafungua kliniki yake ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011.

Siku za mwanzo. Kwa kuwa methadoni hujilimbikiza mwilini, wiki mbili za kwanza zinahitaji uangalizi. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, kisha hupandishwa kidogo kidogo. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Mgonjwa anayeongeza pombe au vidonge vya usingizi juu yake ili "ashike" haraka anahatarisha pumzi yake. Buprenofini, inayowekwa chini ya ulimi, ina kikomo katika kuzuia pumzi na hivyo ni salama zaidi kwa upande huo, lakini inadai subira: mgonjwa lazima asubiri hadi arosto ianze waziwazi, vinginevyo dawa yenyewe itamrushia arosto kali papo hapo. Wengi waliosema "ile dawa ilinidhuru" waliitumia mapema.

Muda na mahudhurio. Hapa pana bei yake. Katika kliniki nyingi mgonjwa hufika kila siku, sikukuu zikiwemo. Hupanga foleni, hutaja jina au namba dirishani, muuguzi humtazama machoni kuona kama amelewa, kisha humpimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Hunywa hapohapo, hufuatisha maji, na huambiwa aseme maneno mawili matatu ili ithibitike kwamba amemeza, maana dozi iliyofichwa mdomoni huuzwa nje ya geti. Anayeishi mbali huona nauli ikimla, na mwajiri asiyejua hushangaa kuchelewa kwake kila asubuhi. Ulizeni basi kama kliniki hutoa dozi za kupeleka nyumbani kwa waliotulia, na baada ya muda gani. Mzazi anayezipeleka nyumbani azifungie: kikombe cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto.

Mwambieni daktari dawa nyingine zote. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI hupunguza methadoni mwilini, na mgonjwa aliyetulia kwa miezi anaweza kuamka na arosto wiki chache baada ya kuanza tiba hizo, akadhaniwa amerudia unga kumbe dozi imepungukiwa. Mjamzito anayetumia heroini hashauriwi kuacha ghafla. Hupewa methadoni au buprenofini, na mtoto akizaliwa na dalili za kuacha hutibiwa.

Baada ya hapo. Mpango huu hauna tarehe ya kumaliza, na kuulazimishia tarehe ni kosa. Wanaokatishwa mapema hurudia kwa wingi. Anayetaka kutoka hupunguziwa dozi kwa miezi mingi akiwa tayari. Jambo la kuuliza ni mwendelezo: akisafiri, akilazwa kwa ugonjwa mwingine, au akikamatwa, dozi yake inamfuata?

Inamfaa nani. Mtumiaji wa heroini wa muda mrefu, hasa anayejidunga, aliyejaribu kuacha na akarudia, mjamzito, na anayeishi na virusi vya UKIMWI au homa ya ini, ambaye kufika kila siku kunampa nafasi ya kupata na tiba hizo.

Mpango wa nne: tiba kwa njia ya mahakama

Mtu amekamatwa na kete mfukoni, na familia inaambiwa ichague kati ya kifungo na tiba. Mahakama ya kwanza maalumu ya namna hiyo ilianzishwa Miami, Marekani, mwaka 1989: hakimu hukutana na mshtakiwa mara kwa mara, husoma vipimo vyake vya mkojo, humsifu au humwadhibu, na akimaliza kesi hufutwa au adhabu hupunguzwa. Ureno ilikwenda njia nyingine mwaka 2001: anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi mahakama ya jinai, bali hufikishwa mbele ya tume yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, nayo inaweza kumwelekeza kwenye tiba. Kuuza kumebaki kosa la jinai.

Siku za mwanzo. Ni suala la kuhimiza kwa nguvu, kwa sababu mahabusu si wodi. Mnywaji mkubwa aliyewekwa rumande bila daktari anaweza kuanguka kifafa usiku wa kwanza; familia iseme hivyo waziwazi, na kwa maandishi ikiwezekana.

Muda na mahudhurio. Kwa kawaida ni mwaka au zaidi, na kukosa kikao kuna adhabu. Shinikizo hilo huwasaidia baadhi ya watu kudumu kwenye tiba kuliko wangedumu kwa hiari.

Baada ya hapo. Rekodi safi ni faida kubwa kwa kijana anayetafuta kazi. Lakini anayeshindwa katikati anaweza kurudi kwenye kifungo, wakati mwingine kirefu kuliko alichokikimbia. Mwulizeni wakili matokeo ya kushindwa kabla ya kusaini, na kama mahakama inakubali methadoni.

Inamfaa nani. Mwenye kosa linalotokana na matumizi na mwenye ushahidi dhidi yake. Haimfai asiye na uraibu ambaye alikutwa na bangi mara moja. Huyo atajaza nafasi ya mgonjwa.

Pawe na mpaka kati ya shinikizo la mahakama, ambalo mtu analikubali akiwa na wakili, na kumfungia mtu kituoni bila kesi wala ridhaa. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kuzitaka serikali zifunge vituo vya kushikilia waraibu kwa nguvu, kwa kuwa vinakiuka haki na hakuna ushahidi kwamba vinatibu. Mzazi anayetamani mwanawe "akamatwe tu apelekwe" naelewa anakotoka, lakini simshauri.

Mipango ya kinga

Wazazi, kamati za shule na madiwani nao huombwa kuchagua, kwa kawaida kati ya elimu darasani, kufanya kazi pamoja na familia, na hatua za bei na sheria.

Elimu ya kutisha, yenye picha za maiti na askari anayehutubia, ndiyo rahisi kuipanga na ndiyo dhaifu. Mpango maarufu wa askari darasani ulioanza Los Angeles mwaka 1983 ulipimwa mara nyingi, na vijana walioupitia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wasioupitia. Darasa linalofaa zaidi ni la mwingiliano, la vikao vingi, linalomzoesha kijana kukataa, kumudu hasira na kujua kwamba wenzake wengi hawatumii kama anavyodhani.

Kufanya kazi pamoja na familia huhitaji subira ya miaka. Iceland ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwahoji vijana kila mara, kuwapeleka kwenye michezo na sanaa kwa ruzuku, kuwaunganisha wazazi na kusimamia saa za watoto kuwa nje usiku; waliosema walilewa katika mwezi uliotangulia, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 na 16, walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi asilimia 5 mwaka 2016. Si kila nchi ina fedha hizo, ingawa kuwauliza vijana na kuwakutanisha wazazi hakugharimu sana.

Bei na sheria huchukiwa na wauzaji, lakini huwafikia hata wale wasiohudhuria semina. Scotland iliweka bei ambayo pombe haiwezi kuuzwa chini yake mwaka 2018, na tathmini ya taasisi yake ya afya ya jamii iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa takriban asilimia 13 kuliko ambavyo vingekuwa. Hatua hizi hazimfikii mtumiaji wa heroini, na mahali penye pombe nyingi ya kienyeji isiyosajiliwa huhitaji usimamizi wa ziada.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa ndugu yako hunywa kila siku tangu anapoamka, au amewahi kuanguka kifafa alipoacha, anzeni na hospitali kabla ya mpango mwingine wowote, na msimwamuru aache leo nyumbani ili kumpima nia. Akitoka, kliniki ya kutwa yenye dawa za kuzuia kurudia ndiyo inayofuata, au kituo cha makazi ikiwa nyumbani hapafai.

Ikiwa hunywa kupita kiasi mwisho wa wiki, bado ana kazi na hatetemeki asubuhi, kliniki ya kutwa inatosha kwa kuanzia. Kumlaza kwa miezi kunaweza kumpotezea kazi ambayo ndiyo sababu yake kubwa ya kuacha.

Ikiwa anatumia heroini na amekwisha kulazwa mara mbili tatu akarudia, kumlaza tena kwa utaratibu uleule ni kumrudisha kwenye hatari ileile. Fikirieni dawa mbadala, na kama kliniki iko mbali, ulizieni buprenofini kwa daktari wa karibu kabla ya kukata tamaa. Kijana aliyeanza juzi, asiyejidunga, mwenye familia imara, anaweza kujaribu kuacha kabisa kwa usimamizi, kwa makubaliano kwamba akirudia atapelekwa kwenye dawa mbadala bila kushutumiwa.

Ikiwa ni kokeini au methamfetamini, tafuteni kliniki inayopima mkojo na kutoa motisha, na mpelekeni hospitali bila kuchelewa akianza kusikia sauti au kudhani anafuatwa.

Ikiwa ana kesi, wakili na daktari waonane kabla ya hakimu kupewa jibu, na mkubali mpango wa mahakama pale tu tiba iliyotajwa humo inalingana na kilevi chake.

Ikiwa hataki lolote, mpango unaofaa leo ni wa familia yenyewe: kliniki nyingi huwapokea ndugu bila mgonjwa na kuwafundisha namna ya kuzungumza naye. Kwa mtumiaji wa heroini, ulizeni pia kuhusu naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi ya aliyezidisha dozi, ambayo katika nchi kadhaa hutolewa kwa familia. Hufanya kazi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, na kilevi kinaweza kudumu kuliko hapo, kwa hiyo hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali na asiachwe alale peke yake.